Picha ya "Chuo Kikuu 1961" ambayo haiwezi kuwa ya 1961

Hiki ni kisa cha picha moja tu. Nakiandika kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote ambayo watu tunayafanya na picha za zamani za Mlimani, yaani kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na pia kuna watu wameniuliza tulifikaje kwenye jibu. Familia husika wamekubali niandike ila nisitaje majina, kwa hiyo nitasema mzee, dada mkubwa, mdogo wake, shangazi, mtaelewana nao tu huko mbele.

Mzee alikuwa mwalimu wa hesabu. Kafundisha sekondari za mikoani miaka na miaka, akastaafu, akarudi Dar, akafariki. Familia wakaanza kuandaa kijitabu cha ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na yule kitinda mimba, ambaye ndo fundi wa mambo ya simu na kompyuta pale nyumbani, akaleta picha ya kuweka kwenye kava. Nyeusi na nyeupe, mzee akiwa kijana mwembamba kasimama mbele ya jengo la ghorofa lenye vile vizuia jua vya zege, nyuma udongo mtupu na miti michanga ya kupandwa, nguzo ya bendera kwa mbali, na chini yake maandishi: "Baba, miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1961". Picha kali kwa kweli. Grupu la WhatsApp la ukoo likalipuka, mashangazi wakalia, ndugu walioko nje wakaishea kwa marafiki zao, na haikuchukua muda ikawa imeshatoka mikononi mwa familia inarudi kutoka kwa watu wasiowajua ikiwa na kichwa kipya kabisa, "Chuo Kikuu siku kinafunguliwa", hata jina la mzee halipo tena.

Aliyenitafuta ni dada mkubwa. Mimi kazi yangu ni kuskani na kusafisha albamu za watu, si mwanahistoria, ila ukikaa na picha za zamani muda mrefu unajikuta unajua vitu. Dada hakuwa na hoja ya vitabuni wala nini. Hoja yake ilikuwa baba hakuwahi kusema. "Baba angekuwa wa kwanza chuo kikuu si tungelala na hiyo habari na kuamka nayo", akaniambia. Nikaona ni hoja nzito kuliko inavyosikika, maana wazee wetu hao waliosoma enzi zile wanaweza kuficha mshahara, wanaweza kuficha ugonjwa, lakini kuwa wa kwanza shule hawafichi.

Sasa tuanze na 1961 yenyewe, kwa sababu hapa ndo picha inapokufa kabla hata hujaikuza.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa chuo shiriki cha Chuo Kikuu cha London. Na hakikufunguliwa Mlimani. Kilifunguliwa mjini, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, ule ambao wazee wa Kariakoo waliujua kama New Street. Kitivo kilikuwa kimoja tu, Sheria, wanafunzi hata 15 hawafiki, mkuu wa chuo Mkanada Cranford Pratt, na aliyeongoza kitivo hicho cha sheria ni Mwaustralia A. B. Weston. Mmoja wa wanafunzi wale wa mwanzo alikuwa Julie Manning ambaye miaka ya 70 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Kwa hiyo picha ya kweli ya chuo mwaka 1961 inatakiwa ionyeshe nyumba ya chama katikati ya mji, barabara, maduka, watu wanapita na shughuli zao. Hamna kilima hapo, hamna udongo mtupu, hamna miti michanga, hamna ghorofa zilizojipanga mgongoni mwa mlima.

Mlimani ni hadithi ya baadaye. Eneo lilikuwa linaitwa Observation Hill, kama kilomita 13 hivi magharibi mwa katikati ya jiji, na wasanifu wa Kiingereza Norman & Dawbarn ndo walichora mpango wa kampasi, ule mtindo wa majengo marefu membamba, vibaraza, koridoo za nje zilizoezekwa ili mtu atembee toka jengo hadi jengo bila kuloa wala kuungua na jua. Chuo kikahamia huko 1964 na Nyerere akaifungua kampasi rasmi Agosti mwaka huohuo. Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kikaanza 1964, Sayansi 1965. Hapo mtu makini anashtuka: mzee wetu alikuwa mtu wa hesabu na fizikia, shahada yake ni ya sayansi na ualimu, vyeti vipo. Mwaka 1961 angesoma nini pale? Sheria? Yaani ile kapsheni haikukosea tarehe tu, ilimgeuza mwalimu wa hesabu kuwa mwanasheria bila mtu yeyote kugundua, na kama kijitabu kingechapwa vile basi wajukuu wangekua nacho hivyohivyo.

Nilimpigia mdogo wake, yule kitinda mimba, kumuuliza 1961 kaitoa wapi. Akasema kaangalia kwenye intaneti chuo kilianzishwa lini. Basi. Na mantiki yake mtu unaielewa: baba alisema walikuta chuo kipya, miti ndo inapandwa, chuo kilianza 1961, basi picha ni ya 1961. Mzee kusema "tulikuta chuo kipya" ni kweli tupu, kampasi yenye umri wa miaka mitano sita ni mpya kwa mtu yeyote. Tatizo ni kwamba kichwani mwetu chuo ni majengo. Ukisema chuo kikuu unaona mlima, unaona Nkrumah Hall na mapaa yake ya matao kama ilivyokuwa kwenye ile noti ya zamani ya shilingi 500, haikujii kabisa kwamba kuna miaka mitatu hivi chuo kilikuwepo, kinafundisha, kina wanafunzi, na mlima haujaguswa na chuo bado. (Kuna binamu mmoja alipendekeza tuachane na picha ya mzee kwenye kava tuweke Nkrumah Hall "kwa sababu ndo inajulikana". Tulimnyamazia.)

Mdogo mtu hakukubali kirahisi na sikumlaumu, alikuja na ushahidi wake. Akanitumia toleo lingine la picha hiyohiyo, hili sasa la rangi, kali, kila tofali linahesabika, na kwenye nguzo bendera inapepea imenyooka: kijani, njano, nyeusi, njano, kijani, mistari imelala. Bendera ya Tanganyika! Akasema haya, bendera ya Tanganyika ilitumika 1961 mpaka 1964, bendera ya Muungano yenye mstari wa kona kwa kona imekuja baada ya hapo, sasa unabisha nini.

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndo pana mafunzo ya picha.

Kwanza, hata kama bendera ile ingekuwa ya kweli, isingetupeleka Oktoba 1961. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, siku chuo kinafunguliwa nchi ilikuwa bado chini ya Muingereza. Kwa hiyo "siku ya ufunguzi" na "bendera ya Tanganyika" haviwezi kukaa kwenye fremu moja, ushahidi unajikata wenyewe. Pili, nikamuuliza hii ya rangi umeitoa wapi, akasema kuna apu, unaweka picha ya zamani inaitia rangi na kuisafisha. Ndo hivyo. Akili mnemba ilikuta kitambaa cheusicheusi kwenye nguzo, ikajua hii bendera, na bendera hupepea, basi ikachora bendera inayopepea. Mistari imeichora yenyewe. Rangi imeziweka yenyewe. Ilimpa mzee hata kifungo cha shati ambacho hana. Na ubaya wa hizi apu ni kwamba hazikuambii hapa nimeona na hapa nimebuni, zinakupa vyote kwa ukali uleule, mtu anaangalia anasema mbona inaonekana vizuri. Kuonekana vizuri si ushahidi jamani.

Nikasema simu tuweke pembeni, karatasi yenyewe iko wapi?

Ilikuwa kwenye sanduku la bati la mzee, ndani ya bahasha pamoja na vyeti na risiti za kodi. Dada akaileta imefungwa kwenye kanga. Na nilipoitoa tu mambo matatu yakajulikana papo hapo, kabla ya kioo cha kukuzia.

La kwanza, picha ni ya rangi! Sio nyeusi na nyeupe hata kidogo. Imechakaa ile ya kuelekea wekundu, kama picha nyingi za rangi za miaka ya 60 na 70 zinavyofanya, kwa sababu ile rangi ya samawati ndani ya karatasi ndo inayokufa haraka hata ikiwa gizani, kinachobaki ni ile rangi ya damu ya mzee. Mdogo mtu alipoipiga kwa simu akaona wekundu ule mbaya, akaweka filta ya nyeusi na nyeupe ipendeze na ionekane ya kale. Halafu ileile nyeusi na nyeupe ya uongo akaipeleka kwenye apu ikatiwe rangi. Yaani picha ya rangi ikavuliwa rangi, ikavalishwa rangi nyingine. Nilicheka lakini kwa uchungu.

La pili, karatasi. Kwa nyuma ina ule utelezi wa plastiki, si karatasi tupu. Karatasi za picha za rangi zenye utando wa plastiki zilianza kuingia mwishoni mwa miaka ya 60. Hili peke yake halimalizi kesi, maana mtu anaweza kuchapisha upya negativu ya zamani kwenye karatasi mpya, karatasi inaweza kuwa changa kuliko tukio. Ila linaanza kusukuma mwaka mbele. Maabara nyingi za ulaya na Marekani zilikuwa zinagonga mwezi na mwaka kwenye ule mpaka mweupe wa picha, na hapo tungemaliza kazi, lakini mpaka wote ulikatwa na mkasi ili picha iingie kwenye fremu fulani. Mkasi huo sijui niuite nini.

La tatu ndo kubwa, picha halisi ni pana kuliko ile ya WhatsApp. Mdogo mtu alikropu pande zote mbili ili baba akae katikati. Na mambo yote ya maana yalikuwa pembeni, ndivyo inavyokuwaga.

Kushoto kuna kibao. Kimekatwa nusu na ukingo wa picha yenyewe, kinachosomeka ni mwisho wa maneno, na kwenye mstari mmojawapo kuna herufi LLEGE, chini yake ALAAM. Hamna ubishi hiyo ni College, ya Dar es Salaam. Hapa historia ya jina la chuo inaingia kazini. Kilianza kama University College, tangu 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, bado kikiitwa College, na tarehe 1 Julai 1970 ndo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, Nyerere mkuu wa chuo, Pius Msekwa makamu wake. Baada ya hapo neno College halina kazi tena kwenye kibao. Kwa hiyo kibao kinasema kabla ya Julai 1970, au tuseme kwa tahadhari, kibao kiliandikwa kabla ya Julai 1970, kwa sababu sote tunajua vibao vya ofisi za serikali vinavyoweza kukaa baada ya jina kubadilika. Mpaka leo kuna ofisi zina vibao vya wizara ambazo hazipo.

Kulia kuna gari. Nusu ya nyuma tu, limeegeshwa chini ya mti, na ndo limenipa raha kuliko vyote. Kwa haraka ungesema Peugeot 404, maana Peugeot zilijaa Dar enzi hizo. Lakini 404 nyuma ina mapezi, kona mbili zimesimama wima na buti limenyooka. Hii buti limevunjika katikati, linaenda sawa kisha linainama ghafla. Huo mvunjiko ni wa Peugeot 504, hakuna gari lingine pale mjini lenye mgongo ule. Na 504 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Ufaransa mwishoni mwa 1968, ilitakiwa itoke mapema kidogo mwaka huo ila migomo ya Ufaransa ya Mei ikaichelewesha. Kwa hiyo hilo gari kuonekana limeegeshwa Mlimani, hata kama lilishushwa meli ya kwanza kabisa, hatuwezi kwenda nyuma ya mwisho wa 1968. Haiwezekani. Majengo yanaweza kukudanganya kwa sababu yanakaa miaka 60 yakiwa yaleyale, mtu anaweza kudanganya, apu inadanganya ikikutazama usoni, ila gari lina mwaka lilipozaliwa na halizaliwi kabla ya hapo.

Na bendera? Kwenye karatasi halisi imelala. Siku ile hakukuwa na upepo. Kitambaa kimejikunja kwenye nguzo, huwezi kusema mistari imelala au imekata kona, huwezi kusema lolote. Hiyo ndo "bendera ya Tanganyika" iliyotaka kutupeleka 1961.

Niongeze na vitu ambavyo havimo, maana kutokuwepo nako kunasaidia, ila kidogo. Hamna vimbweta, yale mabenchi na meza za nje ambako wanafunzi hukaa kujisomea. Mtu aliyesoma Mlimani miaka ya karibuni anajua huwezi kupiga picha nje pale bila kimbweta kuingia, na vile ni vya baadaye sana. Hayo hayasemi mwaka gani, yanasema tu hii ni Mlimani ya mwanzo. Majengo ya uhandisi, kitivo kilichoanza 1973, hayaonekani pia, lakini hayo siyatumii kwa sababu kamera imeangalia upande mwingine. Hili nalisema maana kuna mjuzi mmoja kwenye grupu alikuja na hoja hiyo kwa sauti ya juu sana. Ukitaka kutumia kitu kisichokuwepo lazima kwanza uonyeshe kwamba kingeonekana kama kingekuwepo. Kama kamera imegeukia kwingine basi hoja hamna.

Kwa hiyo tukawa na mlango wa kuingilia, mwisho wa 1968, na mlango wa kutokea, katikati ya 1970 kama ukikiamini kibao. Kwenye bahasha ileile kukawa na cheti cha Cambridge cha kidato cha sita, 1968. Enzi hizo ukimaliza kidato cha sita unaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwanza, kwa hiyo mzee asingeweza kuingia chuo kabla ya 1969. Mambo yakawa yanakaa vizuri.

Halafu dada akasema kuna rafiki wa baba bado yupo, walikaa bweni moja, anaishi Changanyikeni. Tukaenda.

Mzee huyo rafiki ana akili timamu kabisa, shikamoo, marahaba mwanangu, kaa, chai ikaletwa. Akaishika picha ile karatasi, akaigeuza nyuma, akairudisha, akamtaja marehemu kwa jina la utani ambalo watoto hawakuwahi kulisikia na dada akaangua kicheko na machozi pamoja. Akasema aliyepiga ni mwalimu wao mzungu wa fizikia ambaye alikuwa anamaliza mkataba, alipiga wanafunzi wengi, filamu akaondoka nayo kwao, picha zikaja kwa posta baadaye. Hapo rangi ikaelezeka, na karatasi ikaelezeka. Mwanafunzi wa Kitanzania wa miaka hiyo kuwa na picha ya rangi ni jambo la kuuliza, jibu likawa hilo.

Mwaka gani mzee? Akasema, "mwaka ule wa vurugu".

Tuliokuwa pale wote tukaangaliana. Mdogo mtu, ambaye alikuja pia, akasema haraka 1966! Na kwa kweli ukitaja vurugu za Mlimani wengi wanakwenda 1966, tarehe 22 Oktoba, wanafunzi walipoandamana wamevaa joho mpaka Ikulu kupinga masharti ya kulazimishwa kujiunga na JKT, Nyerere akawasikiliza, akawaka, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 palepale na wanafunzi kwa mamia wakarudishwa vijijini kwao. Ni tukio ambalo limekaa kwenye kumbukumbu za watu hadi wasiokuwepo wanalikumbuka. Lakini mzee akatikisa kichwa. "Hapana, hiyo ya sitini na sita tuliisikia tukiwa shule. Nasema ile ya Akivaga."

Akivaga alikuwa rais wa serikali ya wanafunzi, Mkenya, na Julai 1971 alitolewa kampasi na askari wenye silaha baada ya kugombana na uongozi wa chuo, wanafunzi wakachachamaa. Kwa hiyo kwa kumbukumbu ya mzee picha ni ya 1971, na kwa kibao ni kabla ya Julai 1970. Nani mkweli?

Jibu langu, na familia walilikubali, ni kwamba vyote viwili vinaweza kuwa vya kweli. Kibao kinaweza kuwa hakijang'olewa bado mwaka mmoja baadaye. Au picha ilipigwa 1970 na kufika kwa posta 1971, na mzee anakumbuka siku alipoishika mkononi, si siku kamera ilipolia. Kumbukumbu za watu ndivyo zinavyofanya kazi, zinaning'inia kwenye tukio kubwa la jirani. Nilimuuliza mzee taratibu kama anakumbuka kupigwa au kuletewa, akafikiria, akasema hajui, akaomba tusimlazimishe. Hatukumlazimisha. Mtu wa makamo yale ukimkazania atakupa jibu ili umwache anywe chai yake, na hilo jibu litakuja kuchapwa.

Tukaandika: "Mlimani, Dar es Salaam, kati ya 1969 na 1971. Picha ilipigwa na mwalimu wake." Mdogo mtu aliona ni kapsheni dhaifu, kwamba "kati ya" inaonekana kama hatujui kitu. Nikamwambia kapsheni ile ina Peugeot moja, kibao kimoja, cheti kimoja na shahidi mmoja nyuma yake, ile yake ya 1961 ilikuwa na nini? Akanuna kidogo kisha akakubali, na kusema haki ndo aliyefanya kazi ya kupanga kijitabu chote na amekipanga vizuri.

Kigumu hakikuwa yeye, kigumu kilikuwa shangazi. Dada wa marehemu, bi mkubwa wa ukoo, tayari alishawaambia watu kanisani kwamba kaka yake alikuwa wa kwanza chuo kikuu. Akasema tunampunguzia kaka yake. Hapa sikuwa na la kiufundi la kusema, nikaacha dada mkubwa aongee, na aliongea vizuri: kwamba baba aliingia chuo mwaka wa mwisho mwisho kikiwa cha Afrika Mashariki nzima na akatoka kikiwa chuo cha taifa, kwamba kasoma palepale na wakati uleule ambao Walter Rodney alikuwa anafundisha historia na wanafunzi wa sayansi wanatoroka maabara kwenda kusikiliza midahalo, kwamba kozi yake ndiyo iliyojaza walimu wa hesabu kwenye shule za mikoani wakati hesabu zilikuwa zinafundishwa na wageni. Hiyo si habari ndogo shangazi. Shangazi akasema sawa, lakini kwa ile sauti ya "sawa" mnayoijua.

Kwa upande wa kazi, niliiskani upya pande zote mbili, mbele na nyuma, bila kukropu, faili kubwa la TIFF, nikaiacha na wekundu wake, na kopi ya pili nikaisawazisha rangi kwa mkono kidogokidogo, sikuongeza kitu. Kwenye kijitabu imeingia hiyo ya pili, ukurasa wa ndani, na kibao na gari vikiwemo. Kwenye kava wakaweka picha nyingine kabisa, mzee ubaoni na chaki, shati limejaa vumbi. Ile bahasha nikawaomba wasiitenganishe na picha, cheti na picha vikae pamoja, na kwa nyuma ya mfuko wa plastiki, sio nyuma ya picha, waandike kwa penseli yale mzee wa Changanyikeni aliyosema na tarehe aliyoyasema.

Ile ya 1961 bado inazunguka, juzi tu nimeiona tena, safari hii imeandikwa "Makerere". Hatuna la kuifanya, nimeacha kuijibu.

Ila kuna jambo moja picha ilizaa ambalo hakuna aliyelitegemea. Mzee alikuwa na miaka miwili ya kuzaliwa, pasi ya kusafiria inasema 1941, cheti cha ubatizo kinasema 1946, na familia walikuwa wanataka kuchapa 1941 kwa sababu ndo inakaa vizuri na chuo 1961, kijana wa miaka 20. Mwaka wa kuingia chuo uliposogea hadi 1969, ile 1941 nayo ikakosa kazi, maana ilimwacha mzee anamaliza kidato cha sita na miaka 27. Inawezekana, enzi zile watu walichelewa sana shule, lakini mzee wa Changanyikeni alisema marehemu ndo alikuwa mdogo kuliko wote chumbani na walikuwa wanamtuma sigara. Mchungaji akaambiwa asome 1946. Shangazi alikaa mstari wa mbele siku ya ibada, na mwaka uliposomwa alisema kwa sauti ya kusikika kabisa, "arobaini na moja".